Kemia, uhandisi wa kemikali, au vyote viwili?

*Barua za wasomaji, na majibu ya mhandisi wetu wa viwanda*

SWALI: Habari za kazi, mama. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Malaba upande wa Uganda. Nimemaliza Senior 6 kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na nimefaulu vizuri, hasa kemia na hisabati. Nimepata nafasi Makerere kusoma kemia ya viwandani. Nilifurahi sana, mpaka binamu yangu aliyehamia Melbourne na wazazi wake aliponiambia kwamba yeye anasoma uhandisi wa kemikali pamoja na sayansi katika Chuo Kikuu cha Monash, na baada ya miaka 5 atatoka na shahada mbili. Tangu siku hiyo naiona nafasi yangu kama nusu ya kitu. Mjomba, ambaye ndiye atakayenilipia ada, anasema kemia ni ya walimu, uhandisi ndio kazi, na kutaka shahada mbili ni tamaa. Je, hivi vitu viwili si kitu kimoja? Na kama si kimoja, inafaa kuvisoma pamoja? — *Binti wa Malaba*

JIBU: Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mimi vyote viwili nilivisoma, ila kwa njia ndefu. Nimezaliwa jirani na kwenu, kwenye landhi (nyumba za wafanyakazi) za reli pale Tororo, na Kiswahili hiki nilikipata kwa watoto wa wafanyakazi wa reli kabla sijajua kusoma. Nikasoma kemia Makerere miaka 3, nikafanya kazi ya maabara kiwandani, nikaona kuna maswali yananishinda kila siku, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kusoma uhandisi wa kemikali na michakato, miaka 4 mingine. Jumla miaka 7 ya darasani. Kwa hiyo ninapokujibu sikujibu kutoka kitabuni.

Si kitu kimoja. Mkemia anauliza: hiki ni nini, na kwa nini kinageuka kuwa kile? Mhandisi wa kemikali anauliza: kitageuka kwa kasi gani, joto litaenda wapi, kitapita kwenye bomba la upana gani, na kwa siku nitapata tani ngapi bila kumuumiza mtu? Ulipokuwa bweni ulikula posho ya shule, yaani ugali. Nyumbani mama anasonga posho ya watu watano kwa dakika chache, na inaiva yote sawasawa. Shuleni mpishi anasukuma mwiko mrefu kama kasia, na bado chini imeungua na katikati kuna unga mbichi. Unga ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni ukubwa. Ukizidisha upana na kimo cha sufuria mara 10, eneo la nje linazidi mara 100 lakini ujazo unazidi mara 1,000. Joto linaingia na kutoka kupitia nje, kazi iko ndani. Sasa badala ya posho weka mmenyuko, yaani kemikali zinazogeuka kuwa kitu kingine, unaotoa joto lake wenyewe. Katika bika, kile chombo kidogo cha maabara, unatulia, katika tangi la lita elfu kumi unaweza kulipasua tangi. Hesabu hiyo katika kozi yangu ya kemia haikuwamo kabisa.

Nitakupa mfano wa mbolea, maana urea, ambayo hutengenezwa kwa amonia, inauzwa kila duka la pembejeo hapo kwenu. Mwaka 1909, huko Karlsruhe, Ujerumani, mkemia Fritz Haber alionyesha kwamba nitrojeni ya hewani na hidrojeni zinaungana kuwa amonia kukiwa na shinikizo kubwa, joto na kichocheo cha kuharakisha mmenyuko. Mtambo wake wa mezani ulitoa matone. Kazi ya kuyafanya matone yale kuwa tani ikamwangukia Carl Bosch wa kampuni ya BASF. Mitungi yake ya chuma ikawa inapasuka: hidrojeni ya moto ilipenya ndani ya chuma na kukinyang'anya kaboni inayokipa nguvu. Bosch akaweka ndani ya mtungi bomba la chuma laini lenye kaboni kidogo sana, na ganda gumu la nje akalitoboa vitundu ili hidrojeni iliyopenya itoke bila kuleta madhara. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913. Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, Bosch akaipata mwaka 1931, na zote mbili ni za kemia. Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalokuhusu: Bosch alisoma kwanza madini na uhandisi wa mitambo, ndipo akaenda Leipzig kusoma kemia. Alipouona ule mtungi uliopasuka, alikuwa na macho ya pande zote mbili.

Mimi si Bosch, lakini nimewahi kuyatumia macho hayo mawili, na siku ile ndiyo iliyonifanya nisijutie hata mwaka mmoja kati ya ile saba.

Ilikuwa kiwanda cha sukari, ambacho sitakitaja. Kila wiki tulikuwa tunafanya mizania ya sukari: sukari iliyoingia ndani ya miwa lazima ilingane na iliyotoka kwenye magunia, molasi, makapi ya miwa na tope la chujio. Inayobaki bila maelezo inaandikwa mstari wa mwisho, "hasara isiyojulikana". Mstari ule ukapanda wiki tatu mfululizo. Wakubwa wakasema kuna mahali panavuja. Mafundi wakapanda ngazi usiku na mchana kukagua mabomba na kondensa, mitambo ya kuupoza mvuke uwe maji.

Kuna kipimo cha kale cha kujua kama sukari imeponyoka kwenye maji ya kondensa. Unachukua maji kidogo kwenye neli ya kioo, unadondosha kemikali iitwayo naftholi, kisha unamimina asidi ya salfuriki taratibu ubavuni mwa kioo. Kama kuna sukari, pete ya zambarau inajichora pale viowevu viwili vinapokutana. Niliifanya shifti nzima, kila saa, kila mtungi. Hapakutokea pete. Sukari haikuvuja.

Basi kama haikutoka, imegeuka. Hilo ulilisoma S.6: sukrosi ikikaa kwenye asidi na moto inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, na hizo hazigandi kuwa sukari ya gunia, zinakwenda zao kwenye molasi. Nikachukua Fehling, ile dawa ya bluu inayogeuka nyekundu ya tofali ikikutana na glukosi, nikapima maji ya miwa kabla hayajavukizwa na baada. Glukosi ilikuwa imepanda. Nikaiendea mashine ya pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imepanda) inayoamuru chokaa ya kuipunguza asidi iingie kiasi gani. Yenyewe ilisoma 7.2. Nikapima kwa kipimo cha mkono: 6.1. Ncha yake ilikuwa imevaa ukoko mgumu, na kwa sababu hiyo ilidhani chokaa inatosha. Tofauti ya 1.1 kwenye pH ni asidi zaidi ya mara 10.

Kemia yangu ikaishia hapo, lakini hesabu haikutosha. Asidi peke yake haikuweza kueleza hasara kubwa vile. Ndipo nikakumbuka somo la Dar: gawanya ujazo wa tangi kwa kasi ya mtiririko, utajua kitu kinakaa humo muda gani. Mvua ilikuwa imeharibu njia za mashamba, matrekta yalikuwa yanakwama, kinu kilikuwa kinakula nusu ya miwa ya kawaida. Matangi ya kutuliza yalikuwa yaleyale mawili. Kwa hiyo maji ya miwa yaliyozoea kukaa saa moja na nusu sasa yalikaa saa tatu, yakiwa karibu na kuchemka. Asidi imezidi na muda umeongezeka maradufu. Tukasafisha ile ncha na kuagiza isafishwe kila shifti, tukalifunga tangi moja, na baada ya wiki mbili mstari wa mwisho ukarudi mahali pake. Hakuna bomba lililobadilishwa.

Nimekueleza kwa urefu kwa sababu ndilo jibu la swali lako la pili. Inafaa, ndiyo, lakini inafaa kwa yule atakayevifunga pamoja. Nimewajua wenye shahada mbili ambao wanazibeba kama ndoo mbili, mkono huu na huu, na haimwagiki hata tone kutoka ndoo moja kwenda nyingine.

Sasa binamu yako. Anachokisema kuhusu miaka 5 ni kweli, na si uchawi. Uhandisi peke yake huko ni miaka 4 na sayansi ni 3, lakini hisabati, fizikia na kemia za mwanzo zinahesabiwa pande zote mbili, na masomo ya hiari ya upande mmoja yanajazwa na ya lazima ya upande wa pili. Anachopoteza ni nafasi ya kuchagua, maana kila muhula umeshajaa kabla hajaufikia, na wiki yake ina maabara za idara mbili. Mtu anayependa kusoma polepole atateseka.

Tena nikwambie jambo ambalo wengi hawalifikirii. Hata ukipata kozi kama ile, upande wa sayansi si lazima uwe kemia. Uhandisi wa kemikali tayari una kemia ndani. Mimi ningerudi miaka 19, ningeuoanisha na mikrobiolojia, sayansi ya vijidudu. Tazama Kasese: migodi ya shaba ya Kilembe iliacha lundo kubwa la mabaki ya pairiti (madini ya chuma na salfa) yenye metali ya kobalti, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda kilikuwa kinaitoa kobalti ile kwa kutumia bakteria wanaokula pairiti ndani ya matangi ya asidi. Matangi yale yalihitaji mtu anayejua bakteria anataka hewa na joto kiasi gani, na vilevile anajua jinsi ya kuipuliza hewa hiyo na kuliondoa joto hilo. Maziwa, bia, maji taka, chanjo, vyote ni hivyo hivyo. Hapa Uganda mlango huo ni mpana kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu mjomba, msikilize kwa heshima, ndiye mwenye mfuko, lakini usikubali kwamba kemia ni ya walimu tu (na hata ingekuwa hivyo, wewe kemia hiyo ulifundishwa na nani?). Mwambie mambo mawili. La kwanza, mafuta yetu ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga ni la kupashwa moto, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Nani anapima nta inaanza kuganda kwenye nyuzi ngapi? Mkemia. Nani anakokotoa joto linalopotea njiani? Mhandisi. La pili, pale ziwa Katwe palijengwa kiwanda cha kisasa cha chumvi, na mabomba yake ya kupashia joto yakaliwa na maji yale ya chumvi mpaka kiwanda kikasimama. Maji ya Katwe si chumvi ya mezani peke yake, yana salfeti na kaboneti humo humo. Watu wa Katwe hadi leo wanaivuna chumvi kwa mikono, wamesimama ndani ya maji yale. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Wewe ufanye nini? Nafasi ya Makerere usiiache hewani. Jibu barua yao, jisajili. Wakati huohuo omba uhandisi wa kemikali na michakato Dar es Salaam, ambako ni miaka 4, na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, ambako ni miaka 5. Kutoka hapo Malaba, Eldoret ni karibu kuliko Kampala, na wengi wa upande wetu hawalitazami jambo hilo kwa sababu tu kuna mpaka katikati. Hapa nyumbani pia, kabla ya kulipa chochote, hakikisha kozi imo kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Na nenda ofisi ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi uwaulize kwa mdomo wako mwenyewe: nikisoma kemia kwanza kisha shahada ya pili ya uhandisi, mtanisajili? Swali hilo mimi sikuliuliza mapema. Shahada ya kemia inakupa kazi nzuri, lakini kuandikwa mhandisi kuna masharti yake, na ni afadhali uyajue ukiwa na miaka 19 kuliko ukiwa na miaka 27 na mtoto mgongoni.

Ukipata uhandisi Dar au Eldoret na mjomba akakubali, nenda, na kemia uisome humo kwa bidii kama vile ni shahada yako ya pili. Usipopata, kaa Makerere bila kinyongo. Kemia ya viwandani si nusu ya kitu. Kila likizo tafuta kiwanda cha kujifunzia, na kila ukipewa mmenyuko darasani jiulize joto lake linakwenda wapi.

Kama bado hujui moyo wako uko wapi, pale sokoni hakosi mama anayetengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa jerikeni. Muombe ukae naye siku mbili. Atakapoacha beseni na kutengeneza pipa zima, mara nyingi haitakuwa nzito kama ya beseni. Angalia swali gani linakujia kwanza: ni kitu gani kinachoifanya sabuni iwe nzito, au kwa nini pipa limekataa kilichokubaliwa na beseni? Niandikie uniambie ni lipi.

SWALI: Nasoma kemia mwaka wa pili, Kampala. Nimegundua nilitaka uhandisi wa kemikali tangu mwanzo. Niache nianze upya? — *Mwanafunzi, Kampala*

JIBU: Usiache. Umebakiza mwaka mmoja na kitu. Maliza, lakini mwaka huo chukua kila somo la hisabati utakaloruhusiwa, hasa milinganyo tofautishi (differential equations), kwa sababu hapo ndipo wakemia tunapoanguka tunapoingia uhandisi. Mimi muhula wangu wa kwanza Dar nilipata alama 38 kwenye somo la mtiririko wa viowevu, si kwa sababu sikuelewa maji yanavyokwenda, ila kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka bila kukokotoa. Nilinunua daftari la kurasa 200 nikalijaza maswali ya hisabati tu. Anza lako sasa.

SWALI: Binti yangu anataka huo uhandisi wa kemikali. Mimi ni mama, naogopa. Kiwandani ni wanaume watupu, moto na asidi. Kuna mwanamke aliyefanikiwa huko? — *Mama, Arua*

JIBU: Dada yangu, hofu yako naijua, mama yangu alikuwa nayo. Wapo. Margaret Hutchinson Rousseau, Mmarekani kutoka Houston, alipata udaktari wa uhandisi wa kemikali katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1937, mwanamke wa kwanza kuupata katika fani hiyo nchini mwake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia penisilini ilikuwa inapatikana kwa chembe, kuvu wakioteshwa kwenye chupa moja moja. Yeye ndiye aliyesanifu kiwanda cha kwanza cha kuitengeneza kwa wingi ndani ya matangi marefu, hewa ikipulizwa humo. Dawa aliyochomwa mtoto wako alipoumwa koo ina jasho la mwanamke huyo ndani yake.

Kuhusu moto na asidi, sitakudanganya, vipo. Nina alama ya mvuke kwenye kiwiko cha kushoto kutoka vali niliyoifungua bila kuvaa glavu ndefu, na kosa lilikuwa langu. Lakini anayejua asidi inafanya nini huiogopa kwa kiasi chake, na kiwanda kinachofuata taratibu kina hatari ndogo kuliko boda zinazotubeba kila siku. Siku atakapokwenda mafunzoni kwa mara ya kwanza, mnunulie viatu vya ngozi vyenye chuma puani, saizi yake yeye. Kiwandani watampa vya wanaume, vitampwaya, na kwenye ngazi zilizolowa hicho ndicho kitakachomwangusha.